Ng'ombe Niliowakubali Bila Kuwaona

Jumatatu, 7 Julai
Chai, kisha ugomvi. Siku ya tisa sinunui bando. Mgomo niliutangaza hapa Nkende, mbele ya duka la simu, na watu walipiga makofi. Bei zile ni wizi uliovaa tai. Mkulima anapimiwa intaneti kwa kijiko, na kesho kijiko kimeisha muda. Natumia huduma ya bure ya kampuni ya simu. Maandishi yanafunguka, picha hazifunguki. Bure gani hii? Unakaribishwa sebuleni, jikoni kumefungwa. Nimeandika barua kali kwa mhariri. Mke wangu anasema huduma hiyo hiyo imemfundisha kupambana na viwavi wa mahindi. Kweli.

Jumatano, 9 Julai
Mzee Wambura wa Nyambureti, ambaye mwanawe anamposa binti yangu Bhoke, ametuma picha za ng'ombe wa mahari kwenye kundi la familia zetu mbili. Kwangu ni miraba ya kijivu. Wote wanasubiri neno langu. Kuazima simu ya mtu ni kuvunja mgomo kwa mlango wa nyuma. Nikaandika: "Nimewaona. Nimeridhika." Nilijiona mtu mkubwa.

Alhamisi, 10 Julai
Mdogo wangu Chacha kaja na simu yake, yenye bando. "Kaka, umeridhika na huyu? Huyu ni ng'ombe au ni ngozi imesimama?"
Nikatazama. Mbavu nje. Mwingine ana pembe moja. Chacha alicheka mpaka akakaa chini. Mimi mpumbavu. Na neno la baba wa binti halimezwi.

Jumamosi, 12 Julai
Nyambureti kimya tangu Jumatano. Leo Bhoke kaambiwa na mchumba wake: wazee wanataka kuvunja posa. Wanauliza binti ana kasoro gani hata babake akubali upesi hivyo.
Bhoke hakulia. Alisema, "Baba, unabishana na kila mtu Tarime. Kwa ajili yangu tu ndiyo umeshindwa?"
Imeniuma. Kesho nakwenda.

Jumapili, 13 Julai
Nyambureti. Shikamoo, kisha nikasema yote: mgomo, miraba, kiburi. Mzee Wambura akacheka, akamwita mkewe aje asikie mwenyewe.
"Mkwe, sisi tunatanguliza wabaya ili mtutukane, ndipo tutoe wazuri! Wewe, mgomvi mzima, ukaridhika. Nikasema hapa pana jambo."
Tukaingia zizini. Nikawakataa wale wabaya mmoja mmoja, kwa sauti. Yeye akawatetea kama wakili. Yule wa pembe moja eti ni mpole. Mpole! Hana cha kupigania. Tulibishana mchana kutwa, majirani wakaja kusimama uani. Sijafurahi hivyo mwaka huu. Posa iko palepale.
Wakati wa chakula nikamwambia huduma inayoonyesha nusu ya jambo ni uongo.
"Lakini aliyeandika kwamba amewaona ni wewe," akasema.
Nikaongeza ugali.

Jumamosi, 19 Julai
Ng'ombe wamefika kwenye zizi la Chacha. Wanene, ngozi zinang'aa. Wageni walipokwenda kula, Bhoke alibaki langoni akiwatazama wakinywa maji. Nikaenda kusimama naye. Jike jeupe lilimlamba mkono. Hakuuondoa. Tulikaa hapo mpaka wakamaliza kunywa.