Kigari Ulichoniwekea

Mama Rebeka,

Ni mimi, Mama Nasimiyu wa Kitale. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Nasimiyu, mimi nasema tu, na nimemkataza asinyooshe maneno yangu. Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike Sirisia. Kuna kitu kimekaa hapa jikoni kwangu, karibu na mafiga, na kila nikikitazama najikuta nakuita.

Kigari. Kile cha mtoto, cha magurudumu manne. Kimerudi.

Ngoja nianzie mwanzo, la sivyo nitalia kabla ya kusema. Ulikuwa yaya kwa yule memsahib wa shambani, umewasukuma wanawe ndani ya kigari hicho miaka sita. Walipokua, akasafisha stoo, akakwambia uchukue. Ulikileta hadi mlangoni kwangu, kambini kwa wafanyakazi wa shamba, ukakiachia hapo kama mtu anayetua mzigo wa kuni. "Sikitaki," ukasema. "Nimesukuma vya kutosha. Chukua wewe."

Na mimi na kiburi changu, nikafungua fundo la leso nikatoa shilingi mbili. Wee! Ulivyonitazama! "Rudisha pesa yako. Kwani mimi ni duka?"

Halafu ukaweka sharti lako moja. "Siku ukikichoka, niambie mimi kwanza. Hata kama sikitaki, niambie." Nilicheka, lakini nililijua sharti hilo. Ndivyo mama zetu walivyofanya na vyungu kule nyumbani: ulichopewa na mwenzako hakitoki kwako kwenda kwa mwingine kabla yeye hajaulizwa. Siwezi kukudanganya ati sikujua.

Haki, Jumamosi zetu! Ndizi na unga ndani ya kigari, wewe mkono mmoja, mimi mkono mmoja, mpaka soko la Kitale. Kile kifuniko kilipochanika nikakifunga kwa kipande cha leso yangu ya manjano, tukazidi kuwa vituko. Yule mama aliyefunua aone mtoto akakuta mkungu wa ndizi, ukamwambia bila kucheka, "Amefanana na baba yake." Nilikaa chini barabarani kwa kucheka. Na kila tuliposimama kupumzika, mkono wako ulikuwa unakitikisa wenyewe, taratibu, huku unaongea mambo mengine kabisa. Unabembeleza ndizi! Nilikutania kwa hilo miaka yote. Sikukwambia hata mara moja kwamba nilipenda kukuangalia.

Kisha mzee wako akaacha kazi, mkarudi kwenu Sirisia. Nilianza kusukuma peke yangu. Kigari kilikuwa kizito, au ni mimi.

Nasimiyu alipoitwa shule, karo ilikuwa inadaiwa, na mchuuzi mmoja kutoka mji wa Kwanza akanikuta sokoni. Alitaka cha kubebea magunia yake. Akataja shilingi thelathini, Mama Rebeka. Thelathini! Nilisema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Wewe ulikuja kichwani, nikakusukuma kando. Nikajiambia Sirisia ni mbali na mchuuzi hatangoja.

Njiani kurudi nyumbani moyo ukaanza kunisuta. Nikaona nina dawa: nitakupelekea nusu. Nilipanda lori la mahindi nikiwa nimejaa sifa, najiona rafiki mwema kuliko wote duniani. Nikaweka zile kumi na tano mezani kwako.

Ukasema polepole, "Kama nilikupa, zote ni zako. Kama kilikuwa changu, mbona hukuniuliza? Hii nusu ni ya nini?"

Ningekuja mikono mitupu nikuambie nimekosa, ungenitukana, tungecheka. Lakini niliweka bei katikati yetu, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ukachukua zile pesa. Ukanipikia chai, ukaweka sukari nyingi kama ninavyopenda. Nilipoaga, ulibaki mlangoni. Hukunisindikiza. Wewe, uliyezoea kunisindikiza hadi barabarani, na tukifika tunarudi tena nusu njia kwa sababu hadithi haijaisha! Siku hiyo nilitembea mwenyewe, na sikugeuka nyuma.

Miaka minne. Ulituma salamu kwa watu wa malori, nami nikatuma salamu. Salamu tu. Nilikuwa na aibu, halafu aibu ikawa hasira, nikasema basi, kama ni mtu wa kununa kwa sababu ya kigari, anune. Naomba unisamehe kwa kusema hivyo. Kila Jumamosi nilikuwa nafika ile kona ya kupumzikia na kukutafuta pembeni yangu, kisha najikemea.

Baada ya mazishi nilikwenda nyuma ya jiko lako kusaidia vyombo. Kilikuwa pale chini ya gunia. Nikaona kipande cha manjano kinachungulia. Nikalivuta lile gunia.

Rebeka ndiye aliyenieleza. Kwamba wiki ile ile ulikwenda Kwanza kumtafuta yule mchuuzi. Alikuongezea bei, mjinga yule. Ulitoa zile kumi na tano, ukamuuza hata mbuzi wako mwekundu, yule uliyempenda. Ukakisukuma hadi nyumbani, mzee akadhani umerukwa na akili. Ukawaambia, "Mwenyewe atakuja kuniuliza. Akija, apewe."

Miaka minne kimesimama pale, Mama Rebeka! Ningekuja siku moja tu. Siku moja kuomba maji ya kunywa, ningekiona. Mbona hukutuma mtu aniambie? Lakini najua mbona. Ilikuwa zamu yangu kuuliza.

Rebeka alipokitoa nje, mkono wangu ulikwenda kwenye fundo la leso. Ndiyo, tena! Sijifunzi. Nilitaka nimlipe bei ya mbuzi. Rebeka akanishika mkono, akasema, "Mama, weka. Kwani sisi ni duka?" Nilisikia sauti yako kabisa, nikalia mpaka watu wakaja.

Alinisindikiza hadi barabarani, yeye mkono mmoja, mimi mkono mmoja. Tulipofika lori lilikuwa bado, na tulikuwa hatujamaliza habari zako. Basi tukageuka tukarudi nusu njia.

Nasimiyu anasema karatasi inaisha. Lala salama, rafiki yangu. Nimekosa, na ninakwambia sasa bila pesa yoyote mkononi. Nakuahidi hivi: siku magoti haya yakikataa kabisa, sitazungumza na soko. Nitapanda lori nije Sirisia, nisimame kwanza kaburini kwako nikuulize, hata kama hujibu, kisha nimuulize Rebeka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nacho Kitale. Pale kwenye kona nikasimama kupumzika, nikaanza kuongea na jirani mambo ya bei ya unga. Akaniuliza kwa nini nabembeleza ndizi. Nikatazama chini, na kweli mkono ulikuwa unakitikisa.

Wako,
Mama Nasimiyu