Mkono wa Koko Kichwani Mwangu

S.L.P. 418,
Kitengela.

14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Elsie,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako vumbi huingia hadi ndani ya mkebe wa sukari. U hali gani? Na mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wazee, umepoa? Baridi ya huko Leeds imeshaanza, au bado mnaota jua? Sisi hatujambo. Shemeji yako Khisa ana kikohozi kidogo, lakini sahani anazimaliza kama kawaida, kwa hivyo sina wasiwasi. Morgan ananicheka akiniona na kalamu. "Mum, si utume tu voice note?" Nimemwambia kuna maneno ambayo kwa simu ningeyakatiza kwa kilio, na safari hii nataka kuyamaliza.

Elsie, mguu umepona! Haukatwi! Wacha niandike hilo kwanza, maana tangu Alhamisi nimekuwa nikiwaambia watu nao wananijibu tu "Mungu ni mwema" na kuendelea na shughuli zao. Wewe ndiye utakayenielewa. Sasa nikueleze ni mguu wa nani.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, baada ya ibada, kikundi chetu cha kina mama kilikwenda kutembelea wasiojiweza kule Kisaju. Unanijua nilivyo. Uchaguzi wa mwenyekiti ulikuwa mwezi wa Mei, na mimi nilikuwa nimeutamani uenyekiti huo hadi nikashona kitenge cha kuapishwa nacho. Tulibeba unga, sukari na majani chai, tukafika kwa bibi mmoja Mmaasai wa miaka themanini na kitu. Kila mtu humwita Koko, yaani nyanya. Anaishi na mwanawe Tajeu, ambaye amefiwa na mke na hukata mawe kwenye machimbo.

Koko ana kisukari. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda karibu na kisigino ambacho sitakieleza, pengine unasoma ukila. Nyawira, nesi wa zahanati aliyetuongoza siku hiyo, alituambia kwamba daktari wa Kajiado ameshaonya: kidonda kisipooshwa na kufungwa upya kila siku, mguu utakatwa. Tajeu hutoka alfajiri na kurudi akiwa hoi. Je, kuna mama anayeweza kuja kila jioni? Kila mmoja akajishughulisha na mkoba wake. Elsie, niliinua mkono. Usinipigie makofi bado. Niliuinua kwa sababu simu ya Wamaitha, mpinzani wangu katika uchaguzi, ilikuwa bado inachukua video.

Nikachuchumaa mbele ya Koko ili nionekane vizuri, nikainamisha kichwa kuutazama mguu. Mara nikahisi kiganja kikavu kimetua utosini mwangu. Nikajua hii ni baraka, na mimi mtu wa kanisa, nikajibu "Amina!" kwa sauti ya mkutano wa injili. Koko alicheka mpaka shuka likamtoka begani. Ndipo Tajeu akanihurumia.

"Mama Morgan, hiyo si maombi. Hiyo ni salamu ya watoto. Mtoto akikutana na mkubwa anaweka kichwa chini, mkubwa anagusa. Sasa wewe umeweka kichwa. Mama anasema basi wewe ni enkerai yake."

Enkerai ni mtoto. Mimi wa miaka arobaini na minane, ninayepaka nywele rangi kuficha mvi, nimepata mama mpya kwa kukosea salamu! Nilicheka pamoja nao, nikaona hicho ni kichekesho kizuri cha kusimulia kikundini.

Basi nikaanza. Nikitoka shuleni saa kumi, nikishafungia mafaili yangu ya ukarani, napanda bodaboda hadi Kisaju. Nyawira alinifundisha kuchemsha maji ya chumvi, kuvaa glavu, kusafisha kutoka katikati kwenda pembeni. Siku za kwanza nilijifunga leso puani na nikatapika mara mbili nyuma ya zizi. Lakini picha nilituma kikundini kila jioni, sikukosa hata moja. Wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha, na huku kwetu usaha wenyewe ulikuwa wa kweli.

Uchaguzi ukafika, Wamaitha akanishinda kwa mbali. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Kesho yake sikwenda Kisaju. Nilijiambia ni mvua, ule udongo mweusi unanata na bodaboda zinateleza. Kesho kutwa vilevile. Ukweli ni kwamba sikuona tena naenda kwa ajili ya nani.

Siku ya tatu Tajeu akanipigia simu. Mvua ilikuwa imefunga machimbo, kwa hivyo alishinda nyumbani. "Mama Morgan, uko wapi? Mama amekataa nimguse. Tangu juzi, ikifika saa kumi anakaa tu na karai mbele yake. Anasema mtoto hawezi acha mama na kidonda, lazima kuna kitu imekushika. Anakuombea."

Ananiombea mimi! Elsie, nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikalia. Nilimkumbuka marehemu Mama katika ugonjwa wake. Nilikumbuka ulivyoniambia kwamba kila jioni kule Kimilili alikuwa akiuliza kama gari la kutoka Nairobi limefika.

Nilikwenda na mvua hiyo, sehemu ya mwisho kwa miguu, viatu nimevishika mkononi. Ukingo wa kidonda ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Nilidhani Koko atanigombeza. Alikaa tu akinitazama, akingoja, na mimi nikaelewa anachongoja. Nikainamisha kichwa, na safari hii nilijua ninachofanya. Akaniwekea mkono, kisha akasukuma karai kwa ule mguu mzima ili nianze kazi.

Tangu siku hiyo sijatuma picha hata moja. Leso ya puani niliisahau nyumbani jioni moja, nikagundua harufu imekuwa ya mtu ninayemjua. Nilizoea kumpelekea Mungu orodha ndefu kila asubuhi, nipe hiki, niondolee kile. Siku hizi naomba nikiosha, tena maneno machache: mguu huu, Baba. Na katika kuombea mguu nikajikuta sina hasira na Wamaitha. Mwezi wa Julai nilimpa kile kitenge, na kwa kweli kinampendeza kuliko mimi, Mungu amsamehe.

Sasa Alhamisi! Tulikwenda Kajiado mimi, Tajeu na Koko, na tangu asubuhi sikuweza kumeza hata chai. Hiyo ndiyo siku aliyosema daktari kwamba ataamua. Akafungua bandeji, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaleta taa. Nilikuwa nimeushika mkono wa Tajeu, mwanamume wa watu, na wala sikumbuki niliushika lini. Halafu daktari akasema kidonda kimejaa nyama mpya, mguu unabaki. Akauliza nani alikuwa akikiosha. Koko akanielekezea fimbo yake. "Enkerai ai," akasema. Mtoto wangu.

Nilipiga kigelegele humo humo chumbani! Askari wa langoni alikuja mbio kuona kuna nini. Koko alitembea hadi kwenye gari mwenyewe, kwa fimbo, hatua kwa hatua, na kila hatua nilitaka kupiga kingine. Furaha ya namna hii sikuipata siku ya harusi yangu, na Khisa nimeshamwambia hivyo.

Lakini usiku ule, Elsie, furaha iligeuka ikaninyima usingizi. Miezi mitano tu, mguu mmoja tu, na nilitoroka siku mbili. Wewe ulimtunza Mama mzima kwa miaka miwili, peke yako. Ile Krismasi yake ya mwisho nilisema nina mafua ili nisiingie chumbani mwake. Sikuwa na mafua. Nilikaa karibu na mlango, nikakuachia mkate na kurudi zangu Kitengela. Na nyinyi mlipohamia huko na ukaanza kazi ya kuosha wazee, niliona haya. Watu huku nimewaambia wewe ni nesi mkuu wa hospitali kubwa. Jumapili hii nimesimama mbele ya kina mama nikawaambia ukweli: mdogo wangu anaosha wazee na kuwalisha, na mimi ndiyo kwanza naanza kujifunza kazi yake. Nisamehe, mwana wa mama.

Msalimie sana shemeji Nashon, na umbusu Mukai mashavu yote mawili. Yule bibi unayemwogesha asubuhi naye mpe salamu zangu, hata kama hatajua zinatoka wapi. Khisa na Morgan wanawasalimu. Koko amesema nikuandikie kwamba watoto wake huku sasa ni wawili, Tajeu na mimi.

Ukija Desemba tutakuja wote kukupokea uwanja wa ndege. Tafadhali usininyoshee mkono. Najua mimi ndiye mkubwa, na Khisa ataona nimerukwa na akili mbele ya watu. Nitainamisha kichwa. Wewe weka tu mkono wako hapo juu, ule ule uliomwosha Mama. Na nikijibu "Amina" kwa sauti, usinicheke.

Mungu aulinde mgongo wako na aibariki mikono yako.

Ni mimi nikupendaye, dada yako mkubwa kwa miaka tu,

Selpha