Kaka, Nimelifungua Basi Lako

Kaka Elia,

Sikuulizi hali. Nilikuwepo walipokufukia, kwa hiyo tusidanganyane na mambo ya hujambo. Mimi ni mzima. Mama naye mzima, ila magoti. Ile mashine ya kukamua alizeti uliyokuwa unaiendesha wamempa mtu mwingine, na mafuta anayonipa nikauze pale barabarani yana harufu ya kuungua. Wateja wa zamani bado wanauliza, "Yule kaka yako yuko wapi?" Nimechoka kuwajibu.

Ninakuandikia kwa sababu nimerudia mabasi yetu ya maboksi. Ulikuwa unakasirika nikiyaita kazi. "Huu ni mchezo wa watu wazima," ulikuwa unasema, halafu ukitoka ibadani Jumapili unashinda umeinamia maboksi na wembe mkononi, mtu akikusemesha huitiki. Wewe unajenga, mimi ninapaka rangi. Ndivyo tulivyogawana, au tuseme ndivyo ulivyogawa wewe. Michirizi ya ubavuni, namba za mbele, abiria wa njiti za kiberiti niliowachora macho kwa ncha ya mwiba, vyote vilikuwa vyangu. Lakini watu wakisimama kutazama walisema basi la Elia. Hukuwahi kuwasahihisha hata mara moja.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Mimi nikapewa koti lako la mvua. Niliomba ule msumeno mdogo, koleo na rula ya chuma. Baba Mdogo akacheka mbele za watu: "Hivyo ni vya kiume, mwanangu, utavifanyia nini?" Akavibeba yeye. Msumeno wako sasa anakatia mifupa ya supu. Na mabasi yaliyokuwa kwenye rafu wakagawiwa watoto wa ndugu, wakayafunga kamba, wakayaburuza kwenye kokoto mpaka yale magurudumu ya ndala yakatawanyika kila moja na njia yake. Mimi nilisimama na koti mkononi nikitazama rangi yangu inavyochunika.

Moja niliwahi kulificha. Lile la mwisho, lenye vioo vyeusi. Nililifunika ungo juu ya kabati la Mama. Brashi zangu nikazitupa chooni, nikasema yameisha.

Kilichonirudisha ni hasira. Nilikuwa kwenye meza yangu ya mafuta, likasimama basi jipya la kwenda Mwanza, limechorwa pundamilia ubavu mzima. Kaka, pundamilia wale miguu yao ya nyuma ilikuwa na magoti yanayotokeza mbele kama ya mtu! Nikasema mwenyewe kwa sauti, huyu fundi amelipwa kwa ajili gani? Vidole vikaanza kuniwasha. Nikanunua rangi ya kucha dukani, nikafunga manyoya ya mkia wa mbuzi kwenye kijiti, nikaanza kuchora pundamilia wangu kwenye kipande cha boksi.

Wamenicheka, usidhani. "Mwanamke mzima anajenga magari ya maboksi, ndiyo maana hapati mume." Mama mwenyewe alininong'oneza niwe ninafanyia ndani. Lakini siku hizi nina simu ya kuteleza, na huko mtandaoni nimeona wazee wenye mvi, wamevaa miwani miwili miwili, wanapaka rangi vijiaskari vidogo kama punje ya hindi. Wanashindana kabisa, na wanapeana vikombe. Nikasema kumbe kwa ugonjwa huu hatuko peke yetu.

Kupaka nilikuwa sijasahau. Kujenga ndiko nilikokuwa sijui, maana hukutaka nijue. Nilikumbuka tu ulivyokuwa unapima. Basi likisimama kushusha abiria, unalitembea ubavuni kama mtu anayemtafuta kondakta, na kila hatua yako ukifika nyumbani inakuwa upana wa vidole vitatu. Nami nikatembea. Urefu nikautoa kwenye hatua zangu, kimo nikakinakili kwenye lile basi lako nililolificha. Hatua zangu ni fupi, Kaka. Likatoka basi refu kama treni, katikati limepinda tumbo. Nilicheka mpaka nikalia, na kilio kikakataa kukatika.

Nililikata nikaanza upya. Safari hii likakaa vizuri. Yakabaki madirisha.

Hapo ndipo uliponiweza. Zamani ulikuwa unaomba kwa watu picha za eksirei walizokwisha kuzitumia, unaziloweka kwenye jiki mpaka weusi wote unatoka, inabaki plastiki nyeupe safi ya kukata vioo. Kuloweka nilikuwa nimeona. Kubandika sikuona, ulikuwa unanipa mgongo. Kila nilipoweka gundi, kioo kilipata ukungu mweupe pembeni kama jicho la mzee. Nilijaribu supaglu, nikajaribu gundi ya viatu, nikajaribu uji wa muhogo. Ukungu ule ule. Niliwatazama hata wale wazee wa mtandaoni, wao wana gundi zao ambazo hapa Iguguno sitazipata.

Basi la kujifunzia lilikuwa moja tu duniani, lile la juu ya kabati. Na kujifunza maana yake kulipasua.

Nililizungukazunguka siku kadhaa. Lilikuwa ndicho kitu pekee chako kilichobaki kizima. Na nilikuwa na kinyongo nalo pia, kwa sababu nilipolipaka, nilikuja na abiria wangu kwenye kibati cha sigara, mama na mtoto mgongoni, mzee wa kofia, na yule kondakta anayening'inia. Ukawatazama ukasema, "Hili halina haja ya abiria. Mabasi ya siku hizi yana vioo vyeusi, ndani hakuonekani." Niliona umeninyang'anya. Nikawafungia kwenye kibati, na sijui hata kilikwenda wapi.

Basi, Jumamosi moja asubuhi, Mama akiwa mnadani, nikalilaza kwenye meza ya uani nikaling'oa paa.

Kumbe hukuweka gundi kabisa! Kila ubavu una maboksi mawili, katikati umeacha mfuko, kioo kinachomekwa tu kama picha kwenye fremu. Kitu chepesi hivyo. Ulishindwa nini kunielekeza? Nikakivuta kioo cha kwanza nikakiinua kwenye jua, nione umekikata vipi pembe.

Nikaona mbavu.

Nikavuta cha pili, mbavu. Nikavitoa vyote, nikavipanga juu ya kitambaa cha meza kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika, na kifua cha mtu kikajikusanya mbele yangu, upande wa kulia kina doa jeupe kubwa kama yai. Nikajiambia ni cha mtu mwingine, ni zile picha za kuomba. Kisha nikavuta kile cha dirisha la nyuma. Kona yake ilikuwa na maandishi madogo, jina lako na la Baba, na mwezi. Ulikuwa mwezi wa mavuno ya alizeti. Ulituambia umekwenda Singida mjini kutafuta spea ya mashine, ukarudi mikono mitupu ukasema madukani hamna.

Ulikuwa unajua. Ulikuwa unakohoa usiku, Mama akikuuliza unasema vumbi la mashine. Mimi nilikubembeleza twende hospitali, ukanijibu kwa ukali, "Mimi siumwi, niache." Kumbe umekwisha kwenda. Sijui walikuambia nini huko, kama walikuambia urudi, kama walikupa dawa ukazitupa. Picha haisemi. Ninachojua ni kwamba ulichukua kifua chako mwenyewe, ukakikata kwa rula, ukakichomeka madirishani, ukanipa mimi nipake rangi kwa nje. Na mimi nikapaka, nikapiga na mluzi.

Nisikufiche, nilikutukana. Pale uani, peke yangu, nilikutukana kwa lugha ya nyumbani ambayo Mama angenichapa kwa utu uzima wangu huu.

Maana wewe umelala, hujui ulituachia nini. Mvua zilipoanza, miezi mingi baada ya picha ile, ndipo ulipoanza kununua maziwa ya mgando kwa Mama Jumanne, jirani yetu. Nadhani ulitaka nguvu. Ulipokufa, Baba Mdogo akasimama msibani akasema kijana hakuwa na ugonjwa wowote, aulizwe aliyekuwa anamnywesha maziwa. Neno likaruka. Wakaacha kununua maziwa yake kijiji kizima. Alikuwa anauza meza moja na mimi, akahamia ng'ambo ya barabara mahali ambapo mabasi hayasimami. Mama alinikataza kumwamkia. Mimi, Kaka, ninampita mama mtu mzima, aliyenibeba mgongoni, bila shikamoo. Kwa ajili yako nilifanya hivyo, nikaona ndiyo mapenzi.

Nilikuwa na jiki ndani. Nikakaa na ile chupa nikawaza, nikiviloweka, jioni vitakuwa vioo visafi, basi langu litapata madirisha, siri yako itakwenda na maji machafu, na Mama ataendelea kukukumbuka kama mtoto ambaye hakumdanganya. Nilifungua hata kizibo, nikamkumbuka Mama Jumanne, nikakirudisha.

Mama aliporudi nilimketisha. Nikavipanga vioo kwenye dirisha la sebuleni, jua la jioni likapita ndani yake, nikamsomea jina na mwezi. Hakulia. Akasema, "Kumbe nimemwonea mama wa watu." Akajifunga khanga, magoti yake hayo hayo, tukavuka barabara.

Usifikiri tulikumbatiana. Mama Jumanne alitusikiliza amesimama, hakutoa kigoda. Mama alipomaliza kueleza, akajibu, "Nimesikia. Poleni," akarudi kuosha vibuyu vyake. Nikampa shikamoo. Akachelewa, kisha akasema marahaba akiwa amenipa mgongo. Ni haki yake.

Na Baba Mdogo unamjua. Tulipomwonyesha akasema mchawi anaweza kuweka ugonjwa hata kwenye picha. Kwa hiyo wapo watakaoamini hivyo mpaka wafe. Umemwacha yule mama na jina hilo, na wewe ulikuwa na neno moja la kumsafisha, hukulisema.

Basi langu nimelimaliza. Madirisha nimekata kwenye chupa za plastiki za mafuta, nimeyachomeka kwa njia yako, hayana ukungu. Nimetengeneza abiria wapya, na wanaonekana wote. Nimeliandika jina langu mbele, Rehema, kwa herufi kubwa.

Lako sitalirudishia paa. Nimeliweka wazi kwenye meza ya barabarani, vioo nimevipanga kwenye fremu juu yake, jua linavipiga mchana kutwa. Mteja akiuliza yule kaka yako yuko wapi, ninamwambia asogee atazame, ninamsomea mwezi, kisha ninamwonyesha kwa kidole ng'ambo ya barabara na kumwambia maziwa yanauzwa pale. Nitafanya hivyo kila siku ya Mungu nitakayokaa kwenye meza hii. Wewe ulitaka kusionekane ndani. Pole.

Lala, Kaka. Kaburi lako ninalifagia, usiwe na wasiwasi kwa hilo. Kukusamehe bado. Siku nikikusamehe nitakuja nikuambie kwa mdomo wangu, nimesimama pale pale, ili nawe usikie inavyokuwa mtu anapoambiwa.

Mdogo wako,
Rehema