Kompyuta Yangu Iliita Nyumba Zote

Jumamosi, Madale. Asubuhi mvua, mchana jua la kuudhi, sasa giza limeingia na mimi bado nimevaa shati la kwenda salani.

Sijisikii kuandika. Ila nisipoandika nitaendelea kuzunguka humu chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mwenye nyumba wangu ataanza kuuliza kulikoni.

Nina aibu. Naisema mapema, nisije nikaipaka rangi huko mbele.

Wanaonisoma siku zote wanajua nilivyokuwa nikijisifu hapa kuhusu programu ya jumuiya yetu. Kwa wageni: sisi Wakatoliki wa huku mtaani tunakutana kila Jumamosi jioni kusali nyumbani kwa mmoja wetu. Nyumba ziko tisa, zote kwenye mlima mmoja, kuanzia kwa Mwenyekiti mwenye sebule kubwa mpaka kwangu mimi mpangaji wa chumba kimoja. Zamani Mwenyekiti ndiye aliyepanga sala iwe wapi, na kila akipanga maneno hayakukosekana. Mara mbona kila siku kwa wenye nafasi, mara mbona kwetu mnakuja mwezi ambao hatuna kitu. Kundi la WhatsApp nalo halikusaidia. Lilijaa matangazo ya mafuta ya nazi na video za wahubiri mpaka Mwenyekiti akalifunga kwa hasira.

Ndipo mimi, kijana wa kompyuta, nikajitolea.

Niliandika programu ndogo. Kila nyumba nikaipa funksheni yake, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi moja tu: kikiitwa, kinamtumia mwenye nyumba meseji kwamba sala ya wiki hii ni kwake, ajiandae. Kila Alhamisi programu inachagua funksheni moja kwa bahati nasibu, inaiita, kisha inawatumia wengine wote meseji ya kuwaambia waende wapi. Hakuna kupendelea, hakuna kununa. Mwenyekiti alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Kompyuta haina shemeji." Watu walicheka, wakanipigia makofi, nami nikayapokea yote.

Sasa kosa lenyewe.

Wiki hii nilitaka kuandika hapa somo la jinsi ya kuchagua na kuita funksheni kwa bahati nasibu. Nikaiangalia kodi yangu, yaani maandishi yenyewe ya programu, nikaona ni ndefu, mbaya, haifai kupigwa picha. Alhamisi ofisini, wakati wa kutoka, nikaifupisha. Mistari mingi ikawa mmoja. Nikajiona fundi kwelikweli.

Kwenye lugha ninayotumia, ukiandika jina tupu la funksheni, umeitaja tu, nayo inatulia mahali pake. Ukiongeza mabano mwishoni, umeiita, na inafanya kazi yake hapo hapo. Mimi kwenye ule mstari wangu mzuri niliorodhesha nyumba zote pamoja na mabano yake. Kwa hiyo kabla kompyuta haijachagua chochote, ilikuwa imeshaziita zote tisa, kila mwenye nyumba akapata meseji kwamba zamu ni yake. Ilipofika kwenye kuchagua ikakuta hakuna cha kuita tena, ikazimika njiani, na ile meseji ya kuwaambia wengine waende wapi haikutoka kabisa.

Kompyuta ilinionya. Maandishi mekundu yalijaa kwenye kioo. Lakini dakika hiyo hiyo simu yangu ikalia mezani: sala ya Jumamosi ni nyumbani kwako. Nikasema, aa, si imefanya kazi? Tena imenichagua mimi mwenyewe niliyeiandika, haki iliyoje! Nikafunika kompyuta, nikakimbilia usafiri.

Niliyaona yale maandishi mekundu. Nataka hilo lieleweke.

Leo saa kumi nilikuwa nimeshapiga deki, nimeazima mabenchi kwa mwenye nyumba, nimenunua soda na karanga. Saa kumi na nusu, hakuna mtu. Nikasema ni tope. Mvua ikinyesha asubuhi, mlima wetu huu hata bodaboda inasukumwa. Saa kumi na moja Mwenyekiti akanipigia.

"We kijana, mbona huji? Chai inapoa."

"Shikamoo Mwenyekiti. Si mnakuja kwangu?"

Nikamsikia mkewe kwa nyuma, na yeye ana simu yake sikioni: "Na hawa nao wanasema sie ndio tunakwenda kwao! Sasa nani yuko kwa nani?"

Nitakuwa mwongo nikisema watu walikasirika. Walicheka. Mlima mzima, kila nyumba imetandika meza kitambaa cheupe, mshumaa unawaka, chupa ya chai iko tayari, na watu wamevaa vizuri wanachungulia dirishani kuwaangalia wageni ambao nao wanachungulia kwao. Mwenyekiti akaamua wote twende kwake. Tukaenda, kila mtu kabeba alichopika, maandazi, sambusa, vitumbua. Mama mmoja akaniambia, "Mie wiki ijayo siingii jikoni, kompyuta yako itapika." Nikacheka nao. Mpaka hapo nilidhani aibu yangu ni ya kutaniwa, wiki mbili imeisha.

Tulikuwa tumeshasali, tunakula, ndipo dada mmoja wa kwaya akauliza, "Na Mama Koku je?"

Watu wa nyumba nane walikuwepo. Wa tisa hakuna aliyempigia.

Mama Koku ni mjane, mtu wa Bukoba, anakaa mwisho wa mtaa, ng'ambo ya korongo. Mumewe alipofariki, siku ya kumaliza matanga alisimama mbele ya akina mama wa jumuiya akawaambia, "Mlikuja kula, hamkuja kulia." Inasemekana baadhi yao waliondoka mapema wakaacha masufuria machafu. Sikuwepo, sijui. Ninachojua ni kwamba neno lile lilimchoma zaidi mke wa Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekesha jikoni msiba wote. Tangu hapo, Mama Koku akija salani anakaa karibu na mlango, na sala ikiisha anaondoka kabla ya chai. Hakuna anayemfukuza. Hakuna anayemwambia akae.

Na sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nilipokuwa naitengeneza ile programu, mke wa Mwenyekiti aliniita pembeni. "Huyo Mama Koku mwache kwanza, baba. Zamu ikiangukia kwake nusu ya watu hawataenda, aibu itakuwa yake mwenyewe." Nikamjibu, sawa mama. Funksheni ya nyumba ya Mama Koku niliiandika, lakini kwenye orodha ya kuchaguliwa sikuiweka. Nilisimama mbele ya watu nikisifiwa kwa haki huku nikijua. Alhamisi hii niliirudisha kwa sababu moja tu: wasomaji wangu wangeona funksheni tisa juu na majina manane chini, wangeuliza. Mama Koku mwenyewe sikumfikiria hata kidogo.

Nilimpigia, simu haipatikani. Nikawaambia naenda kumwona. Mwenyekiti akasema nimpe salamu. Wengine walikuwa na sahani mikononi.

Nilivuka korongo nimeshika viatu. Harufu ya ndizi niliisikia kabla sijaiona nyumba. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, na kwenye tope kamwaga mchanga ili watu wasiteleze. Viti vya plastiki vya kuazima vimepangwa nusu duara, mbele katandika mkeka kwa ajili ya watoto. Mezani kuna kitambaa alichofuma mwenyewe, msalaba, na mshumaa ulioungua mpaka karibu na kisahani. Yeye alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, kwake mwenyewe, amevaa kitenge cha sare, mikono mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu." Akaangalia njia niliyotokea. "Wenzio wako nyuma?"

Nikamwambia kulitokea kosa, meseji zilikwenda nyumba zote, watu wakaishia kukusanyika kwa Mwenyekiti. Mpaka hapo sikudanganya.

Alishusha pumzi ndefu. "Mie nimekaa hapa tangu saa kumi nikijua nimekomolewa. Nikasema wamenipangia, nipike, nitandike, wasije, kwa yale maneno yangu ya msibani." Akasimama, akaanza kunipakulia. Sahani aliyonipa ingelisha watu watatu.

Nikala. Ndizi zilikuwa tamu, nyama imelainika. Nilikuwa nawaza kwamba kweli haijaisha. Nimemwambia hakukataliwa. Sijamwambia kwamba hakuchaguliwa, wala kwamba miezi yote hii hakuwemo, wala kwamba aliyemwacha nje ni huyu anayekula kwake.

Akafunika sufuria, akaniuliza bila kunitazama.

"Nani alinitaja, mwanangu?"

Nikaanza kusema ni kompyuta. Akanikatiza.

"Hiyo kompyuta miezi yote hii haikulijua jina langu, leo imelijulia wapi? Kuna mtu kasema, jamani, na yule mama naye. Nataka nimjue, nimshukuru."

Mimi ndiye niliyepaswa kujitaja, na si kwa kushukuriwa. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa.

Nikasema, "Mama Mwenyekiti."

Ningependa kuandika kwamba nilitaka kumpa kitu cha kumfariji, na sikuwa na kingine. Kweli ni kwamba nilitaka aache kuniuliza.

Mama Koku akakaa. Akashika pindo la kitenge, akajifuta macho, akajifuta tena. "Nimemnunia yule mama mwaka mzima," akasema. "Nikipishana naye njiani naangalia pembeni. Kumbe mwenzangu alishasamehe." Halafu akaniambia kesho, misa ya kwanza ikiisha, atamsubiri nje ya kanisa. Atapiga magoti pale pale amwombe radhi. Alimtukana mbele za watu, na radhi ataiomba mbele za watu.

Kwa wema ambao yule mama hakuutenda.

Nilipaswa kumzuia. Nilimsaidia kukusanya viti, nikavipeleka kwa jirani aliyemwazima, nikaaga. Akanifungia ndizi nyingine kwenye kopo nije nazo.

Tangu nirudi nimefungua ile kodi, nimeondoa mabano, nimemweka Mama Koku kwenye orodha ya kuchaguliwa, na humo hatoki tena hata aje nani kuniita pembeni. Kazi yenyewe haikunichukua hata muda wa kuchemsha chai. Imeniuma kuona lilikuwa jambo dogo namna hiyo, na sikulifanya.

Yaliyobaki hayatengenezeki nikiwa nimekaa chumbani. Kesho alfajiri, kabla hawajatoka kwenda misa, nitapiga hodi kwa Mwenyekiti. Nitamwambia mkewe yote: alilonituma nikalifanya bila hata kubisha, viti vilivyokaa vitupu, na uongo niliousema kwa jina lake. Anaweza kunifukuza. Anaweza kwenda pale nje ya kanisa akamwambia Mama Koku mbele za watu, "Mie sijakutaja." Hatakuwa amekosea, kwa sababu kweli hakumtaja.

Au anaweza kumwona mwenzake anapiga magoti kwenye kokoto za pale kanisani, akamnyanyua.

Naomba iwe hivyo. Naomba kweli, kwa ajili yao wote wawili. Lakini hapo ndipo ninapojiogopa. Wakikumbatiana, watu wakifurahi, je, nitamfuata Mama Koku kumwambia kweli? Au nitajiambia mambo yameisha vizuri, ya nini kuyafukua, nikaenda zangu nyumbani?

Najijua. Nitaenda zangu nyumbani.

Kwa hiyo haya siyaweki kwenye daftari. Nayachapisha sasa hivi, kabla sijayasoma tena na kuyapunguza makali. Majina ya wengine nimeyabadilisha, na mkoa anakotoka Mama Koku nimeubadilisha. Jina langu liko pale juu ya ukurasa, kama siku zote.