Simiyu, Nimeikereza Kazi Yako ya Mwisho

Simiyu, ndugu yangu,

Tangu Jumapili nina neno na sina wa kumwambia ila wewe. Kile kichwa cha injini ulichomtengenezea binti yako Naliaka, nimekiweka kwenye mashine yangu hapa Bungoma na kukikereza kwa ndani. Sikukuomba ruhusa. Ningekuombaje?

Unajua tulivyoachana. Ulitoka Kitale na kichwa hicho kimefungwa kwenye gazeti, ukataka nikipunguze ili pikipiki ya binti yako ivute zaidi. Nikakwambia kwanza tupunguze nafasi ya pembeni, pale kichwa kinapokaribiana na pistoni, ifike milimita moja. Halafu tuchimbe kikombe cha katikati, mgandamizo usizidi. Miaka mingapi tumebishana juu ya milimita ile? Siku hiyo ukaniita mwoga. Nami nikasema, "Basi peleka kwa mwingine." Ukakifunga tena, ukaenda bila kunywa chai. Wiki tatu baadaye presha ikakuchukua. Tulipokuzika Kachibora, mchungaji aliwaita marafiki waje waseme neno. Mimi nilibaki nimekaa.

Mwezi uliopita Naliaka alinijia na pikipiki, imefungwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya mjomba wake. Mashindano yalikuwa yafanyike huku kwetu, kwenye shamba moja upande wa Mabanga. Aliiwasha nje ya karakana, akazunguka mara mbili, akarudi. Ndani ya ule mlio nilisikia kama kokoto zinatikiswa kwenye mkebe. Wewe ungezisikia kabla yangu. Kitale mko juu, hewa ni nyepesi. Huku chini injini inameza hewa nzito, na mgandamizo uliovumilika kwenu hapa unageuka moto. Nilipofungua, uso wa pistoni ulikuwa umejaa vitobo, kama unga uliodonolewa na vifaranga.

Nilimwambia Naliaka akikimbia hivyo pistoni itayeyuka. Akasimama kati yangu na meza. Alisema kichwa hicho ulikimaliza kwa mikono yako, na hataki mtu akiguse. Sikubishana naye. Nilimpigia mama yake.

Mama Naliaka nilimweleza yote, polepole. Aliuliza jambo moja tu: pistoni ikishika, mtoto ataanguka? Nikamjibu kwamba gurudumu la nyuma litafunga ghafla, na hapo hakuna wa kuahidi kitu. Kisha akasema, "Kata, shemeji. Simiyu akikasirika, nitamjibu mimi."

Kabla ya kukata nilipima, vile tulivyozoea. Vipande vya waya wa risasi juu ya pistoni, kichwa kikakazwa juu yake, nikaizungusha injini kwa mkono, nikatoa waya uliobanwa pale pembeni. Nikaupima. Nikaupima tena. Milimita moja, Simiyu. Ile yangu.

Nilimuuliza Naliaka ulifanyaje bila mashine. Alisema ulitandika msasa juu ya kioo cha dirisha pale jikoni, ukakisugua kichwa juu yake siku tatu, ukipima na kusugua tena. Alipokuuliza kwa nini unajichosha hivyo, ukamwambia, "Yule mtu wa Bungoma ako sawa. Lakini usimwambie." Alinieleza haya akitazama chini, maana alikuwa amekuahidi.

Nilitoka nje kidogo.

Ulikuwa umefanya nusu ile inayofanyika kwa mkono. Kikombe cha katikati kinataka mashine, na mashine ni yangu, na mimi ndiye niliyekufukuza. Ungalirudi? Naliaka anasema ungalirudi. Mimi sijui. Najua tu kwamba ningalikupigia simu, na sikupiga.

Basi nikachimba kikombe, kidogo kidogo. Uso ule ulioulainisha kwa msasa sikuugusa. Naliaka aliacha kununa, akawa ananipimia ujazo wa kikombe kwa mafuta na bomba la sindano kila nilipokata, na mara moja akanizuia nilipotaka kuzidisha. Alikuwa na haki. Tulipoiwasha, zile kokoto hazikuwemo tena.

Jumapili alikimbia. Aliongoza mizunguko miwili, akapitwa kwenye tope, akamaliza wa nne, na alikasirika bana, kama wewe kabisa. Mama yake alisimama kwenye uzio wakati wote. Alimpa binti maji, kisha akaja akanishika mkono, akauachilia. Nilipofungua injini jana, pistoni ilikuwa na rangi nzuri ya kahawia, bila kitobo kipya hata kimoja.

Sasa kuna mashindano huko kwenu Kitale, na kwa hewa ya huko kichwa hiki kitakuwa kilegevu, mgandamizo hautatosha. Lazima tutengeneze kingine. Atakayesimama kwenye mashine ni Naliaka mwenyewe, mimi nitakuwa kando yake. Nakuahidi nitamfundisha yote ninayoyajua, na akinibishia nitamsikiliza mpaka amalize, hata kama ni yeye aliyekosea.

Nisamehe, ndugu yangu. Na mimi nimekusamehe lile neno mwoga, ingawa siku hiyo sikukosea kuogopa. Pumzika huko Kachibora. Mtoto wako yuko nje, ananiita tuanze kazi.

Ni mimi, Makokha