Somo la Kukatiza Watu Maneno

Jumatatu, 3 Machi

Kwenye mkutano wa idara wameniita tena "mama mlezi wa wanafunzi wageni". Mlezi! Nina birika, viti viwili vibovu na chumba kilichokuwa stoo ya karatasi. Nilipofika nchi hii, kijana mwenye shahada yake mkononi, sisi wageni hata stoo hatukupewa. Basi nimekaa, na sing'oki.

Mchana akaja binti wa usanifu majengo — wenzake wanamwita Kimya. Ana barua ya jopo la nidhamu, Alhamisi ya wiki ijayo. Mhadhiri wake anadai michoro ya zahanati aliyowasilisha si yake. Ushahidi? Alipoikosoa mbele ya darasa, binti hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akaitikia kila neno, mwisho akasema asante. Mhadhiri ameandika kwamba mwenye kazi yake hawezi kuvumilia maneno yale.

Nikamuuliza, mbona ulinyamaza? Akanishangaa. "Bibi, si mwalimu? Alikuwa hajamaliza."

Hajamaliza! Yule hamalizi mpaka kengele ilie.

Akifukuzwa chuo, kibali chake cha kuishi hapa kinafutwa. Na kwao kwa sasa si mahali pa kurudi. Hilo sikuhitaji kuelezwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiona michoro. Imefutwa na kuchorwa upya mpaka karatasi imeota manyoya. Ngazi ya zahanati ina kibaraza katikati, chenye benchi. Mhadhiri alikiita upotevu wa nafasi. Binti anasema ni cha mtu aliyeishiwa pumzi, akae bila kuona haya. Magoti yangu yalimwelewa kabla yangu.

Akapita mkuu wa huduma za wanafunzi. Mimi namwita Bwana Tabasamu. Ushauri wake: binti akiri tu, aombe radhi, arudie mwaka. "Ndiyo njia ya amani, mama."

Amani ya nani? Nikamuuliza kama anamtaka aseme uongo mbele ya jopo linalochunguza uongo. Tabasamu likabaki pale pale usoni, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Ijumaa, 7 Machi

Somo la kwanza. Nikamwambia: nitasema upuuzi juu ya kazi yako, wewe nikatize.

Madirisha kama ya jela, nikasema. Akaandika daftarini. Paa litavuja. Akaitikia kwa kichwa! Nikasema zahanati nzima imechorwa na mlevi.

"Ndiyo, Bibi. Asante, Bibi."

Nilitaka kulia, nikacheka, naye akacheka. Anasema hawezi kumkatiza mwenye mvi, ulimi unagoma. Kijana wa uhandisi aliyekuja kuchemsha chai akatoa ufumbuzi wa kihandisi: "Bibi, vaa kofia." Nikavaa. Wapi! Mvi zikachungulia.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu kapiga simu. Eti nisigombane na wakubwa, watanipokonya hata hicho kiti. Wachukue. Nitasimama.

Jumanne, 11 Machi

Masomo hayaendi. Tumekubaliana nimsemee mimi. Msindikizaji anaruhusiwa, nimeisoma kanuni mara mbili.

Mama yangu angenisikia ninavyowakatiza watu siku hizi, angeuliza nimelelewa na nani. Nilijifunza hapa, kwa uchungu, na sikumbuki siku ambayo ile subira ya kwetu iliniponyoka. Je, sasa namfundisha huyu ujasiri, au utovu wa adabu? Nimejiuliza jioni nzima. Kisha nimeacha. Wao wamewahi kujiuliza kwa nini hawawezi kungoja mtu amalize? Chumba kizima cha maprofesa, na hakuna aliyemuuliza binti swali moja akangoja jibu!

Alhamisi, 13 Machi

Naandikia koridoni, kwenye benchi. Nimetolewa nje!

Nilikuwa nasema vizuri. Nikaeleza adabu ya kwao, mkubwa husikilizwa mpaka atue. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akawa anaandika. Mhadhiri anatazama saa yake. Nikasema binti huyu ni mpole, aliamini mwalimu wake yuko sahihi —

"Sikuamini, Bibi."

Amesimama! Sauti haitetemeki.

"Samahani, Bibi, umekosea. Sikuamini hata neno moja. Alikosea kuhusu ngazi, akakosea kuhusu paa. Nilikuwa namheshimu tu. Sasa naomba ukae, nitasema mwenyewe."

Nikakaa. Nilivyojazwa na fahari nilishindwa hata kufunga mdomo. Mhadhiri akasema huo ni utovu wa nidhamu. Nikamjibu — sikuulizwa, najua. Mwenyekiti akasema mwanafunzi akijisemea hahitaji msindikizaji, nisubiri nje. Nikatoka kama bibi harusi.

Sasa nasikia sauti mbili ndani, zimepandana. Ya mhadhiri na yake. Yake haishuki. Bwana Tabasamu, naye yumo joponi, katoka kunywa maji, uso mkavu. "Mama, umemfundisha nini yule?" Nikamwambia ukweli: hakuna. Kwangu alifeli.

Katibu wa jopo ananiambia nikasubiri ofisini kwangu. Nimemwambia sing'oki.

Kaingia. Katoka tena mbio. Binti amefungua michoro yote, haienei, wanataka meza ya pili. Ananiuliza kama naweza kushika upande mmoja wa meza.

Kama naweza! Kalamu chini —