Alimwita Mama Yake "Mama Mkubwa"

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana hapa nilipo sina wa kumwambia, mume wangu ameshachukua upande na dada yangu ndiye ninayegombana naye.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo mbele ya nyumba yetu, na mimi na mume wangu, ambaye ni fundi umeme, hatukujaliwa mtoto. Dada yangu mkubwa alipopata kazi ya kumtunza bibi kizee huko Italia alituachia binti yake, wakati huo bado anajifunza kutembea, akasema akishatulia atakuja kumchukua, basi miaka ikapita, mtoto akakulia mikononi mwangu, akaanza kuniita mama na sikumkataza, na dada yangu akawa "mama wa Italia", sauti ya kwenye simu kila Jumapili. Simsingizii, hakuacha kupiga hata akiwa mgonjwa.

Sasa mtoto alipokaribia kutimiza miaka minane akasema anataka sherehe ya Kiitaliano, ili mama wa Italia akipiga simu ya video aone kwamba na sisi tunaweza. Nikasema haya. Nikakata vitambaa vya kijani, vyeupe na vyekundu tukavitunga kwenye uzi, mume wangu akavitundika sebuleni rangi zimechanganyika, mtoto akamwamuru avishushe aanze upya, na yeye akatii kama kibarua. Mwoka mikate wa mtaani akaturuhusu kuoka pizza kwenye tanuri lake, nikapika tambi za mchuzi wa nyanya sufuria zima, watoto wote nikawachora masharubu kwa wanja, hata wasichana, na kila aliyeingia alipokelewa kwa "Chao!" ya kupasua masikio. Binti alikuwa amekariri salamu ndefu ya Kiitaliano ya kumwambia mama yake, akiirudia hata akiwa anaoga.

Simu haikupigwa. Tulisikia gari linasimama nje, mlango ukafunguka, dada yangu akaingia na sanduku lake, analia na kucheka kwa pamoja, akapiga magoti palepale akafungua mikono. Hakuwa ametuambia kwamba anakuja. Binti yangu, yaani binti yake, unaona hata kuandika kunanishinda, alisimama na masharubu yake, Kiitaliano chote kikamruka, akainamisha kichwa akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama mkubwa." Halafu akaja kujificha nyuma ya gauni langu.

"Mama mkubwa?" dada akauliza, mikono yake bado iko wazi.

Mshauri, hapa ndipo penye aibu yangu. Nilifurahi. Ilikuwa kidogo tu, lakini nilifurahi, na nadhani dada aliiona ile furaha usoni mwangu, kwa sababu aliinuka, akafuta machozi, akaanza kukosoa kila kitu, mara hii si pizza ni mkate uliopakwa nyanya, mara tambi zimeiva mpaka zimekuwa uji, na watoto wa watu wanasikia.

Wageni walipoondoka alinifuata jikoni nikiwa naosha vyombo, akasema, "Naondoka naye. Kibali chake kimetoka na shule nimeshampatia."

Nikamwambia, "Mtoto si sanduku, uliache kwa watu kisha uje kulibeba."

"Nilikuachia umlee. Sikukupa."

Tangu siku hiyo tunapishana kwenye korido kama wapangaji. Mtoto ameanza kukojoa kitandani, jambo alilokwisha kuacha zamani, na juzi nikiwa namsuka akaniuliza, "Nikienda huko, nani atakuwa mama yangu?" Nikajifanya natafuta kitana. Mume wangu anasema tusimtoe, twende hata mahakamani. Dada anarudi kazini mwisho wa mwezi. Je, nina haki ya kumkatalia?

Msusi mwenye mawazo

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole. Umelea, na umelea vizuri. Mtoto anayemwamuru baba mzima ashushe mapambo ni mtoto anayejua kwamba anapendwa. Hilo halifutwi na mtu.

Sasa nikugombeze. Umeniuliza kuhusu haki yako. Dada yako naye, angeniandikia, angeuliza kuhusu yake. Anayekojoa kitandani hakuna aliyemuulizia chochote. Mwambie mumeo aache habari za mahakama, hasa mtoto akiwa karibu. Na hiyo furaha yako siichukii, wewe ni binadamu. Ila fikiria mwanamke aliyefuta vinyesi vya bibi wa watu miaka yote hiyo, akaota kukumbatiwa, akaamkiwa kama mgeni. Kelele zake za tambi hazikuhusu tambi. Mtafute leo, umwambie, "Niliona ulivyoumia." Usiongeze "lakini".

Naye akosolewe, mwonyeshe gazeti hili asome mwenyewe: dada, kuja bila taarifa kulikufurahisha wewe kuliko mtoto. Humng'oi mtoto wa miaka minane kwa sababu kibali kimetoka. Mwisho wa mwezi rudi kazini peke yako. Shule zikifungwa, mdogo wako amlete, akae nanyi huko mpaka mtoto azoee kulala chumba kimoja na wewe, ndipo mzungumze habari ya kubaki. Mkishindwa kuelewana mkiwa wawili, mwiteni mtu wa ustawi wa jamii akae katikati.

Lile swali la mtoto, msusi, hukupaswa kulikwepa. Mketisheni mtoto katikati yenu, mmoja kila upande, mmwambie nani alimzaa, nani alimlea, na kwamba hatachagua. Wewe ni mama yake mdogo, na hilo neno lina "mama" ndani yake. Halijawahi kukupunguzia kitu. Msimfundishe amwite nani nini. Atapata mwenyewe.

Kuanzia kesho asubuhi, dada yako ndiye amwamshe, amwogeshe, amsuke hata kama mistari itapinda, na ampeleke shule. Shuka zikiwa zimelowa, afue yeye. Wewe usisimame mlangoni kuelekeza. Wakishakata kona, utalia. Lia, nawa uso, kisha fungua saluni.